Oksijeni na vitundu: tuliyojifunza katika kupima vidonge vya urani

Kidonge kimoja cha fueli ya kinu cha nyuklia kinachopozwa kwa maji kina kipenyo cha milimita 8 na kidogo, urefu wa sentimita moja hivi na uzito wa gramu tano na nusu. Ukikitazama ni kauri nyeusi tu, inayong'aa kidogo pale lilipopita jiwe la kusawazishia. Ni dioksidi ya urani, UO2, iliyoshindiliwa ikiwa unga kisha ikachomwa kwenye haidrojeni kwa nyuzi 1700 za Selsiasi na zaidi mpaka punje zikashikana.

Swali tunaloulizwa kuhusu kidonge hiki karibu kila mara ni moja: kinapitisha joto kiasi gani? Mashine za kujibu swali hilo zipo, tena nyingine hutoa jibu zenyewe kwenye skrini likiwa na desimali nne. Lakini majibu mabaya tuliyokutana nayo hayakutoka kwenye mashine. Mengi yalitoka kwenye mambo mawili ambayo mpimaji hakuyajua kabla ya kuwasha chochote: kidonge kina oksijeni kiasi gani, na kina vitundu kiasi gani.

Uzito wa jambo lenyewe ni huu. Chukua fimbo ya fueli, yaani bomba jembamba lililojaa vidonge, inayotoa kilowati 20 kwa kila mita. Tofauti ya joto kati ya uso wa kidonge na kitovu chake hupatikana kwa kugawa 20,000 kwa 4π, unapata 1592, kisha unagawa tena kwa wastani wa upitishaji joto. Kipenyo cha kidonge hakimo kabisa kwenye hesabu hiyo, jambo linalowashangaza wengi. Upitishaji ukiwa wati 3.5 kwa mita kwa kelvini, tofauti ni kama nyuzi 455, zote ndani ya milimita nne za kauri. Ukikosea upitishaji kwa asilimia 10, umekosea joto la kitovu kwa nyuzi 50 hivi. Gesi zinazozaliwa ndani ya fueli hutoka haraka zaidi kadiri kitovu kinavyopata moto, kwa hiyo nyuzi 50 si kitu cha kupuuza.

Namba za kukaa kichwani ni tatu. Kidonge safi chenye densiti ya asilimia 95 hupitisha wati 7.6 kwenye joto la chumba, 3.5 kwenye kelvini 1000 (nyuzi 727), na 2 na kidogo kwenye kelvini 2000, hapo ndipo karibu na chini kabisa kabla ya kuanza kupanda tena. Urani yenyewe ikiwa metali hupitisha 27 kwenye joto la chumba. Kwa nini basi vinu vya maji havitumii metali? Kwa sababu metali hubadili mpangilio wa fuwele zake kwenye nyuzi 668 na tena kwenye 776, huvimba vibaya, haipatani na maji ya moto, na huyeyuka kwenye 1135. UO2 huvumilia hadi karibu nyuzi 2850.

Tuanze na vitundu, maana ndivyo rahisi kuvipima na ndivyo watu huvipima ovyo.

Densiti kamili ya UO2 isiyo na kitundu hata kimoja ni gramu 10.96 kwa sentimita ya ujazo. Kidonge cha kawaida huwa kwenye 10.4 hivi. Anayechukua kalipa, akapima kipenyo na urefu, akatumia fomula ya silinda, atapata namba ndogo kuliko ukweli, kwa sababu vidonge vya vinu huwa vimechongwa kijisahani kwenye nyuso za juu na chini na kupunguzwa makali ya pembeni. Anahesabu ujazo ambao haupo. Njia ya kuaminika ni ya kuzamisha: pima uzito kikiwa kikavu, kiloweshe chini ya ombwe ili maji yaingie kwenye vitundu vilivyo wazi, pima kikiwa kimening'inia majini, kisha kipanguse na ukipime kikiwa kimelowa. Densiti ni uzito mkavu ukigawanywa kwa tofauti ya uzito uliolowa na ule wa majini, mara densiti ya maji.

Hapo kila neno lina mtego wake. Densiti ya maji ni 0.9982 kwenye nyuzi 20 na 0.9970 kwenye 25, kwa hiyo kipimajoto kiwe ndani ya bika, si ukutani. Kitambaa cha kupangusia kiwe kimelowa na kukamuliwa. Kikiwa kikavu hunyonya maji kutoka vitunduni, kikiwa chepechepe huacha utando juu ya kidonge. Uzi wa kuning'inizia uwe mwembamba kama unywele, la sivyo maji yanayopanda kwenye uzi huvuta mizani. Halafu kuna viputo. Kidonge cha gramu 5.5 husukuma maji ya gramu 0.53 hivi. Kiputo cha milimita moja kikining'inia chini yake kinaongeza ujazo kwa asilimia 0.1, nacho unaweza kukisamehe. Cha milimita mbili kinaongeza asilimia 0.8, na hicho kinatosha kukifanya kidonge kizuri kionekane kibovu. Hujificha hasa ndani ya kile kijisahani cha chini. Kiinamishe kidonge unapokizamisha, uingize upande mmoja kwanza, na tone la sabuni majini si aibu.

Kila asilimia moja ya vitundu hupunguza upitishaji joto kwa karibu asilimia 2.5 kwenye joto la chumba, na kwa zaidi kidogo ya 2 kwenye nyuzi 700. Hii ni kwa vitundu vya mviringo. Vikiwa bapa na vimelala kukingama njia ya joto, huzuia zaidi, na densiti peke yake haitakuambia. Ni lazima ukate, ung'arishe, utazame kwa hadubini. Nayo hadubini hudanganya: msasa mkali hung'oa punje nzima, na shimo lililobaki linafanana na kitundu. Dalili ni umbo. Kitundu cha kweli kina kingo laini. Shimo la punje iliyong'oka lina pembe kama jiwe lililovunjika. Ukiona mengi ya namna hiyo, rudi kwenye msasa namba 1200, kisha unga wa almasi wa maikromita 3, kisha 1, kwa mkono mwepesi.

Oksijeni ni habari nyingine. Hata ukiiandika UO2, uwiano wa atomu za oksijeni kwa za urani hauko 2.000 kila siku. Kiunzi cha fuwele hukubali oksijeni ya ziada katikati ya atomu zake bila kubadili sura, na kila atomu iliyojipenyeza ni jiwe njiani pa joto. Athari hii ni kubwa zaidi kwenye joto la chini kuliko la juu. Unga laini uliokaa wazi kwa hewa unaweza kufika 2.1. Kidonge kilichochomwa vizuri hukaa miaka kabatini bila shida, lakini kipashe moto hewani kupita nyuzi 300 na mambo yanabadilika: kinageuka oksidi nyingine, U3O8, kinatanuka kwa asilimia 36, na kinakuwa vumbi la kijani iliyokolea karibu nyeusi. U3O8 hiyo ndiyo sura ambayo migodi mingi huhesabia mauzo yake ya urani, na ndiyo inayozungumzwa kila mradi wa Mto Mkuju kule Namtumbo, Tanzania, unapotajwa. Kwenye maabara ya fueli, vumbi hilo likitokea pasipotarajiwa maana yake kuna mlango ulivuja.

Mabadiliko hayo hayo ndiyo hutupa kipimo. Chukua kipande cha gramu moja, kikaushe kwa nyuzi 110 chini ya ombwe, kipime (hiyo ni m1), kiweke kwenye kikombe ndani ya mizani ya joto (tanuri lenye mizani), pasha hewani hadi nyuzi 850 na ukiache mpaka uzito usibadilike, kwa kawaida saa mbili. Uzito wa mwisho, m2, ni wa U3O8. Gawanya m1 kwa m2, zidisha jibu kwa 17.544, toa 14.878, na hilo ndilo jibu la O kwa U. Kipande chenye 2.000 sawasawa huongezeka asilimia 3.95. Miligramu 0.1 ya kosa kwenye gramu moja hukupotosha kwa 0.002, kwa hiyo usidai desimali ya nne.

Kosa linalorudi kila mara ni kurukaruka. Kipande kikipita nyuzi 350 hadi 500 kwa kasi, U3O8 inayotanuka hupasuka na chembe zinaruka nje ya kikombe. Uzito wa mwisho unakuwa mdogo, na hesabu inasema kipande kilikuwa na oksijeni nyingi tangu mwanzo. Unyevu usiokaushwa hutoa uongo ule ule kwa upande uleule. Ndiyo maana anayepata 2.02 asikimbilie kuandika. Atazame kwanza sakafu ya tanuri kama kuna vumbi. Kifuniko chenye tundu dogo na mwendo wa nyuzi 2 kwa dakika katika eneo hilo vinamaliza tatizo. Na usisahau kupasha kikombe kitupu kwa ratiba ileile, maana mizani yenyewe hutembea kwa sehemu za kumi za miligramu joto likipanda, na matembezi hayo lazima yatolewe kwenye hesabu.

Baada ya hayo mawili ndipo kidonge kinastahili kukatwa visahani, yaani vipande bapa vya kupimia upitishaji joto. Msumeno wa almasi wenye unene wa milimita 0.3 hula miligramu 165 kila unapopita. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari la hesabu ya urani, kwa kuwa kila gramu ina mwenyewe, na mkaguzi akija anataka kujua gramu zilizokosekana ziko wapi. Ziko kwenye tope la maji ya msumeno, na tope hilo hukusanywa, hukaushwa na kupimwa. Ukiwa na kidonge cha sentimita moja, ukaondoa ncha zenye vijisahani, unapata visahani vinne vya milimita 1.5, vitano ukibahatika.

Kata na usage ukiwa na maji siku zote. Urani iliyopungukiwa (iliyotolewa sehemu kubwa ya urani-235) au ya asili haina mnururisho wa kutisha ikiwa nje ya mwili, ila vumbi lake likivutwa ni habari nyingine, na zaidi ya mnururisho ni sumu ya figo kama metali nyingine nzito. Glavu, kabati la kuvuta hewa, kitambaa cha kupangusia kinachopimwa kwa kaunta ya mnururisho kila mwisho wa kazi, na hakuna kikombe cha chai humo ndani. Bila hayo usianze.

Nyuso mbili za kisahani ziwe sambamba ndani ya milimita 0.01. Sababu iko kwenye hesabu ya mmweko wa leza, njia iliyotolewa na Parker na wenzake mwaka 1961. Leza hupiga uso wa chini kwa muda usiofika milisekunde moja, kigunduzi cha infraredi hutazama uso wa juu, na unapima muda ambao joto la juu limefika nusu ya kilele chake. Kasi ya kusambaa kwa joto, ambayo baadaye hutupa upitishaji, ni 0.1388 mara unene kwa kipeo cha pili, gawanya kwa muda huo. Kisahani cha milimita 1.5 kwenye joto la chumba huchukua sekunde 0.1, na kwenye kelvini 1000 sekunde 0.28. Unene uko kwenye kipeo cha pili: ukikosea milimita 0.02 kati ya 1.5, jibu linakosea karibu asilimia 3. Pima sehemu tano kwa kifaa cha maikromita, si moja katikati.

Uso hupakwa grafiti ili unyonye leza na utoe infraredi vizuri. Tabaka liwe jembamba, kama maikromita 10. Likizidi, unaanza kupima grafiti. Na ukienda juu ya nyuzi 1200 hivi, kaboni huanza kunyakua oksijeni ya kidonge na kutoka nayo kama monoksidi ya kaboni. Kwa hiyo rangi ile ile iliyokusaidia chini hukuharibia sampuli juu. Baadhi yetu hupima mara mbili: kisahani kimoja chenye grafiti hadi 1000, kingine kisichopakwa kwa joto la juu, na tunatazama kama mistari miwili ya grafu inakutana.

Sasa gesi inayopitishwa tanurini wakati wa kupima. Agoni ya chupa inayoitwa safi inaweza kuwa na sehemu 5 za oksijeni kwa milioni. Inaonekana si kitu. Ipitishe mililita 100 kwa dakika kwa saa 20, na kisahani kidogo cha gramu 0.79 kikinywa oksijeni yote hiyo, uwiano wake utapanda kutoka 2.000 hadi 2.017. Ndiyo haba na haba yenyewe. Weka mtego njiani, yaani zirikoni au titani yenye moto inayonyonya oksijeni kabla haijafika tanurini, au tumia agoni iliyochanganywa na haidrojeni kidogo. Kisha pima kisahani kabla na baada kwa mizani ya miligramu 0.01. Kikiongezeka miligramu 0.8, huna haja ya kuuliza kwa nini jibu limeshuka.

Jambo la kuchekesha kidogo liko kwenye masahihisho ya kutanuka. UO2 ikifika nyuzi 1000 hurefuka kwa asilimia 1. Unene ukiwa kwenye kipeo cha pili, kasi ya kusambaa hupanda asilimia 2 ukisahihisha. Densiti nayo hushuka asilimia 3. Upitishaji ni zao la kasi hiyo, densiti na uwezo wa kubeba joto, kwa hiyo masahihisho mawili karibu yanafutana na kubaki asilimia 1. Aliyesahau yote mawili yuko karibu na ukweli kuliko aliyekumbuka moja tu. Tumewahi kuona majedwali mawili yakibishana kwa asilimia 2 hadi 3 na mzizi ukawa huo: mashine moja ilisahihisha unene kimya kimya, na mtu hakujua.

Vyombo navyo si mashahidi wasio na upande. Kikombe cha platini hakina neno na UO2 hewani, lakini ndani ya haidrojeni kwenye joto la juu platini huivuta urani kutoka kwenye oksidi na kutengeneza nayo aloi, na kikombe cha bei mbaya kinatoboka. Silisidi ya urani, U3Si2, ambayo ni fueli ya aina nyingine, haiwekwi kabisa kwenye platini tupu, tanguliza alumina (kauri ya oksidi ya alumini). Hata watafiti wa kiwango cha juu hili limewapata: Japani, fueli ya mchanganyiko wa urani na plutoniamu ilipoyeyushwa ndani ya kibweta cha metali ya reniamu badala ya tungsteni, joto la kuyeyuka lilionekana kuwa juu zaidi, kumbe tungsteni ilikuwa ikiichafua sampuli.

Kuhusu fueli nyingine niseme kwa ufupi, maana kila moja ina kitabu chake. Nitridi, UN, ina densiti ya 14.3 na upitishaji unaopanda joto linapopanda, kinyume cha UO2. U3Si2, yenye densiti ya 12.2, ni hivyo hivyo, ingawa huyeyuka mapema, kwenye 1665. Zinavutia kwa sababu hiyo. Lakini unga wa nitridi unaweza kuwaka wenyewe hewani, kwa hiyo kazi yote ni ndani ya kisanduku cha glavu kisichoingia hewa, na ukiipoza ndani ya nitrojeni tupu hugeuka kwa sehemu kuwa U2N3. Badili kwenda agoni kabla haijashuka sana. Anayezoea uvumilivu wa UO2 akahamia kwenye nitridi na mazoea yaleyale atajuta wiki ya kwanza.

Utaratibu mmoja tumeufanya wa lazima kwa kila kisahani: baada ya kufika kilele, shuka ukipima tena kwenye joto lilelile ulilopimia wakati wa kupanda, angalau 200, 500 na 800. Mistari ikilala pamoja, endelea. Mstari wa kushuka ukiwa chini ya ule wa kupanda, kisahani kimekunywa oksijeni au kimepasuka. Mizani itaamua, kwa sababu ufa hauna uzito. Ukiwa juu, ama kilikuwa na oksijeni ya ziada nayo imetoka, ama kimeendelea kushikana na vitundu vimepungua. Hapo pima densiti tena. Na kama uzito haujabadilika, densiti haijabadilika, na mistari bado haikutani, futa grafiti, paka upya, rudia. Mara nyingi ni grafiti iliyobanduka pembeni upande wa kigunduzi, kipande kidogo kama ukucha wa mtoto.